Kipima mionzi kikisoma sifuri

Chukua kipima mionzi kizima, kiwashe ufukweni Shangani, Mtwara, mbali na kiwanda, hospitali na bandari. Hakitanyamaza. Kitalia tik, kitapumzika, tik-tik, kitapumzika tena. Milio hiyo inatoka kwenye mchanga unaoukanyaga, kwenye miale inayoshuka kutoka angani, na kwa kiasi fulani kwenye mwili wako mwenyewe: mtu wa kilo 70 ana potasiamu-40 ya bekereli zaidi ya 4,000, yaani kila sekunde atomu zaidi ya 4,000 zinavunjika ndani yake bila yeye kujua. Sehemu nyingi duniani mionzi hii ya asili huwa kati ya maikrosivati 0.05 na 0.2 kwa saa (sivati ni kipimo cha dozi ya mionzi mwilini; milisivati ni sehemu yake ya elfu, maikrosivati sehemu yake ya milioni).

Kwa hiyo kipima gama cha kuhesabu milio kinachofanya kazi hakisomi sifuri popote utakapokwenda. Kikisoma sifuri kwa dakika nzima, ama betri imekwisha, ama waya wa kichwa chake umekatika, ama kimezidiwa na mionzi mikali kiasi cha kushindwa kuhesabu. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoua. Kuna namna nyingine, ya kimyakimya zaidi: kipimo kinasoma mionzi ya asili tu, kila kitu kinaonekana shwari, kumbe kilichopo mbele yako ni aina ya mionzi ambayo kifaa hicho hakikutengenezwa kuipokea. Kujua vifaa hivi vinavyofanya kazi ni kujua kila kimoja kina upofu gani.

Huku kusini jambo hili si la vitabuni. Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, na palipo na gesi pana mabomba, palipo na mabomba pana maungio ya kuchomelea, na maungio hayo hukaguliwa kwa picha za mionzi. Mafundi wa kupima miamba ndani ya visima hushusha vyanzo vya mionzi kwenye kebo. Viwanda vya saruji duniani hutumia mionzi kujua kama malighafi imejaa au imeziba ndani ya mitambo yenye joto kali. Wajenzi wa barabara wana kile kisanduku cha njano cha kupima ushindiliaji wa udongo. Na eksirei ziko hospitalini, kutoka Ligula mjini Mtwara hadi Ndanda na Nyangao.

Kinachohesabiwa ni nini

Mionzi ya alfa na beta (chembe) na ya gama na eksirei (miale kama mwanga, ila yenye nguvu zaidi) ina sifa moja inayotusaidia: ikipita kwenye kitu, hung'oa elektroni kutoka kwenye atomu. Kung'oa huko ndiko kuayonisha. Hewani, kila jozi moja ya elektroni na ioni hugharimu wastani wa elektroni-volti 34 hivi (elektroni-volti ni kipimo kidogo mno cha nishati). Mwale mmoja wa gama wa seziamu-137 una elektroni-volti 662,000, kwa hiyo ukimwaga nguvu yake yote ndani ya gesi utaacha jozi karibu 20,000. Ni chaji ndogo mno, lakini ni umeme, na umeme tunajua kuupima.

Vifaa vyote vinaanzia hapo. Vinatofautiana katika jambo moja: vinaifanyia nini ile chaji. Kuna kinachoikusanya jinsi ilivyo, kuna kinachoikuza mpaka inakuwa kishindo, kuna kinachoigeuza kwanza kuwa mwanga, na kuna kinachoiweka kiporo, kama beji anayovaa mfanyakazi, isomwe baada ya miezi mitatu.

Mrija wa Geiger

Hans Geiger alianza kuhesabu chembe za alfa kwa mrija wa gesi mwaka 1908 akiwa na Ernest Rutherford. Mrija tunaoutumia leo aliutengeneza na mwanafunzi wake Walther Müller mwaka 1928. Ni kopo la chuma au kioo, na katikati yake kuna waya mwembamba. Ndani kuna gesi ya neoni au agoni yenye shinikizo dogo, na gesi kidogo sana ya bromini au klorini. Waya umepewa volti chanya, 400 hadi 500 kwa mirija midogo, na kufikia 900 kwa ile mipana.

Elektroni moja iking'olewa ndani ya mrija, inavutwa kuelekea kwenye waya. Karibu na waya mvuto ni mkali, elektroni inapata kasi ya kung'oa nyingine, hizo nazo zinang'oa nyingine, na kwa muda mfupi sana mrija mzima umewaka. Ndiyo tik unayoisikia. Bromini kazi yake ni kuzima moto huo. Bila yake mrija ungeendelea kuwaka wenyewe.

Hapa kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza, ukubwa wa mlio hauna habari. Iwe gama dhaifu au kali, beta au alfa, tik ni ileile. Mrija wa Geiger hautambui chanzo ni cha nini, na anayekuambia ameutumia kutofautisha seziamu na potasiamu anakudanganya au anajidanganya.

La pili ndilo lenye hatari. Baada ya kila mlio, mrija unakuwa kiziwi kwa muda, kwa kawaida maikrosekunde 100 hivi, yaani sehemu 100 kati ya milioni za sekunde moja. Chembe ikipita wakati huo haihesabiwi. Penye mionzi midogo hasara hiyo haionekani. Lakini kipimo kikihesabu milio 5,000 kwa sekunde, mrija umekuwa kiziwi nusu ya muda wote, na idadi halisi ni 10,000. Kanuni yake ni nyepesi: gawanya hesabu uliyopata kwa moja toa hesabu hiyo mara muda wa uziwi. Mionzi ikizidi zaidi ya hapo, mrija haupati nafasi ya kupona kabisa. Milio inakuwa midogo mno, saketi haiitambui, na mshale unarudi chini taratibu hadi sifuri.

Mtazame fundi anayekaribia chanzo akiwa na kipimo cha zamani cha aina hiyo. Mshale unapanda, unagonga mwisho wa kipimo, kisha unaanza kushuka kadiri anavyosogea. Masikio yake yanasikia milio ikizidi kuwa mingi, inageuka mvumo, mvumo unafifia. Akili inamwambia anatoka kwenye hatari. Miguu inampeleka ndani. Vipimo vizuri vya sasa vina saketi inayogundua kwamba mrija unavuta umeme mfululizo na kukishikilia kioo kwenye alama ya kuzidiwa. Usidhani chako kinayo. Soma kijitabu chake. Na kanuni ya kazini haibadiliki: kipimo huwashwa mbali, ukiwa bado kwenye mionzi ya asili, na hutazamwa njia nzima. Kukiwasha ukiwa umeshafika kwenye chanzo ni kosa.

Usiku kwenye bomba

Kamera ya picha za mabomba ni kisanduku cha urani hafifu, metali nzito kuliko risasi, chenye chembe ya iridiamu-192 isiyozidi ukubwa wa punje ya mtama. Nguvu ya kawaida ikiwa mpya ni terabekereli 1.85, yaani bekereli trilioni 1.85. Nusu yake hupotea kila siku 74, kwa hiyo baada ya mwaka hubaki asilimia 3 tu. Fundi huunganisha mrija wa kuongozea upande mmoja na kebo ya kuzungusha kwa mkono upande mwingine, hukaa mbali, huzungusha, na chembe inatoka hadi kwenye ungio. Filamu imefungwa upande wa pili wa bomba. Muda ukitimia, anazungusha kurudisha.

Chembe hiyo ikiwa nje, bila kinga, hutoa takriban milisivati 240 kwa saa kwa umbali wa mita 1. Umbali ukizidi mara kumi, kipimo hushuka mara mia: mita 10 ni milisivati 2.4 kwa saa, mita 100 ni maikrosivati 24. Kikomo cha mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa milisivati 20 kwa mwaka, na cha mwananchi ni 1. Kwa mita 1, mwananchi anamaliza kikomo chake cha mwaka kwa sekunde 15.

Kosa linalojirudia duniani ni chembe kushindwa kurudi: kiungio cha kebo hakikushika, mrija umepondwa na kitu kizito, mchanga umeingia kwenye mrija wa kuongozea. Kule Yanango, Peru, mwaka 1999, chembe ya iridiamu ya terabekereli 1.37 ilidondoka bila kugunduliwa, mchomeleaji akaiokota na kuitia mfuko wa nyuma wa suruali kwa saa kadhaa. Aliponea, lakini alikatwa mguu.

Kipimo ndicho kinachosema kama chembe imerudi, si idadi ya mizunguko ya mkono. Anayejua kusikiliza anaisikia safari nzima: milio inapanda ghafla chembe inapotoka, inapungua kidogo inapoingia kwenye kizuizi cha risasi pale kwenye ungio, inapanda tena inaporudi, kisha inaanguka. Baada ya hapo fundi anakaribia kamera akiwa na kipimo mbele, anapima pande zote, hasa mdomo wa mbele, na anafuata mrija wa kuongozea hadi mwisho wake. Sehemu hii ya mwisho ndiyo watu huiruka usiku wa manane wakiwa na usingizi.

Na hapa sifuri inarudi. Kamera iliyofungwa vizuri bado inavuja kidogo. Viwango vinaruhusu hadi milisivati 2 kwa saa juu ya kisanduku cha kubebeka na maikrosivati 20 kwa umbali wa mita 1. Hivyo kipimo kikigusishwa kwenye kamera yenye chembe ndani ni lazima kipande. Kisipopanda, kuna mambo mawili tu: kipimo kimekufa, au chembe haimo. Yote mawili yanatosha kusimamisha kazi. Ndiyo maana kamera yenyewe ni chombo kizuri cha kujaribia kipimo kila jioni kabla ya kuanza.

Chemba ya ayoni, na hewa ya pwani

Chemba ya ayoni ndiyo nyofu kuliko zote. Ni kopo la hewa lenye ncha mbili za umeme, volti zake hazitoshi kukuza chochote, inakusanya tu chaji iliyozalishwa na kupima mkondo. Kwa kuwa haikuzi, haizidiwi kirahisi, na inasema kweli kuhusu dozi hata nguvu ya mionzi ikibadilika. Mrija wa Geiger uliohakikiwa kwa seziamu unaweza kutia chumvi mara kadhaa ukikutana na mionzi dhaifu ya eksirei, usipowekewa vichujio vya metali. Chemba haina tabia hiyo.

Taabu yake ni udogo wa mkondo. Chemba ya ujazo wa nusu lita, penye maikrosivati 10 kwa saa, hutoa mkondo wa 0.05 ya sehemu moja ya trilioni ya ampia. Mkondo mdogo hivyo unapotea kwa alama ya kidole tu juu ya kihami. Unyevu wa pwani ni adui wake mkubwa: hewa ya Mtwara na Lindi wakati wa masika inapenya ndani, kihami kinapata utando wa maji, chaji inavuja, na kipimo kinaanza kutembea chenyewe juu na chini bila chanzo chochote. Kwa hiyo ndani yake kuna silika jeli, vile vipunje vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu. Vikibadilika rangi, vitolewe, vikaushwe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa chache, virudishwe. Kipimo kikishatulia dakika chache baada ya kuwashwa, kiwekwe sawa kwenye sifuri kwa kitufe chake kabla ya kwenda nacho kazini.

Kisha kuna suala la uzito wa hewa. Chemba nyingi ziko wazi, hewa ya ndani ni ileile ya nje. Hewa ikipata joto hutanuka, ndani ya kopo hubaki atomu chache, na kipimo husoma pungufu. Chemba iliyohakikiwa kwenye nyuzi 20 usawa wa bahari, ikitumika Mtwara mjini kwenye nyuzi 32, inapungukiwa asilimia 4. Hilo linavumilika. Lakini ipandishe juu ya uwanda wa Makonde, mita 700 hivi, shinikizo la hewa linapungua kwa asilimia 8, na sasa upungufu wote unakaribia asilimia 12. Kurekebisha ni kuzidisha usomaji kwa namba mbili: kwanza 273 jumlisha nyuzi za joto, gawanya kwa 293, pili 1013 gawanya kwa shinikizo la hewa la mahali pale kwa hektopaskali.

Chemba ndiyo inayofaa kwa eksirei, ila nayo itumiwe kwa akili. Picha ya kifua huchukua sehemu ndogo ya sekunde. Kipimo ambacho mshale wake unahitaji sekunde kadhaa kupanda hakiwahi. Kikiwa na muda wa mwitiko wa sekunde 4, na eksirei ikawaka kwa sekunde 0.1, kitaonyesha asilimia 2.5 tu ya kiwango halisi. Mtu anasimama nyuma ya ukuta, anaona mshale umetikisika kidogo, anaandika kwamba ukuta uko salama. Namna sahihi ni kukiweka kwenye hali ya kujumlisha, ili kikusanye dozi ya picha nzima, kupiga picha kadhaa kwa mipangilio ile ile, kisha kugawanya.

Fuwele zinazong'aa

Tangu Robert Hofstadter aonyeshe mwaka 1948 kwamba fuwele ya iodidi ya sodiamu yenye chembechembe za thaliamu hung'aa ikipigwa na gama, kipimo kimepata jicho linalotofautisha. Fuwele hiyo hutoa fotoni karibu 40 kwa kila elektroni-volti elfu moja. Mwanga huo wa buluu ni hafifu mno kuonekana kwa macho, unapokelewa na mrija wa kukuzia mwanga wenye hatua kumi hivi za kuzidisha elektroni, moja inakuwa milioni. Cha maana ni kwamba gama kali hutoa mwanga mwingi na gama dhaifu mwanga kidogo. Panga milio kwa ukubwa wake na utaona vilima: seziamu-137 kwenye 662, potasiamu-40 kwenye 1461, kwa maelfu ya elektroni-volti. Hapo kifaa kinaanza kutaja majina.

Fuwele hii inapenda maji kama chumvi inavyopenda. Imefungwa ndani ya kopo la alumini lenye kioo, na kopo likipata ufa mdogo, unyevu unaingia, fuwele inageuka njano, mwanga unakwama humohumo. Dalili haianzi na kuzimika. Kilima cha seziamu kilichokuwa na upana wa asilimia 7 kinatanuka hadi 10 na zaidi, kinasogea kushoto, na kifaa kinaanza kukosea majina. Adui mwingine ni joto la ghafla. Kuitoa kwenye gari lenye kiyoyozi na kuiweka juani saa saba mchana kunaweza kuipasua. Mabadiliko yasizidi nyuzi 8 hadi 10 kwa saa. Hata isipopasuka, joto likipanda vilima vinahama kwa asilimia chache, na lazima kifaa kipangwe upya.

Kwa kupanga upya, kusini hapakosi kitu cha bure. Kila potasiamu duniani ina potasiamu-40 ndani yake, bekereli 31 kwa kila gramu. Korosho ina potasiamu gramu 6 na nusu hivi kwa kilo, kwa hiyo kilo ya korosho ina bekereli 200. Hilo ni jambo la asili, sawa na ndizi au maharage, na halimdhuru mlaji. Mwili hutunza kiasi chake cha potasiamu na ziada huitoa. Lakini kwa kupangia fuwele korosho ni hafifu. Afadhali mfuko wa mbolea ya potasi, ile kloridi: kilo moja ina bekereli 16,000, na kilima cha 1461 kinachomoza ndani ya dakika chache. Mfuko huohuo hupandisha milio ya Geiger yenye dirisha jembamba kwa namna isiyo na shaka, ukitaka kujua kama kipimo kiko hai na huna chanzo cha kujaribia.

Tukiwa kwenye korosho: watu wanaouza nje huulizia kama wanaweza kununua kipimo cha bei nafuu mtandaoni wakajipimia mionzi ya mzigo wenyewe. Hawawezi. Kiwango cha kimataifa cha seziamu-137 kwenye chakula ni bekereli 1,000 kwa kilo, na hata sampuli ya kilo moja iliyo karibu na kiwango hicho haileti mabadiliko ya kuaminika kwenye kipimo cha mkononi, kwa kuwa mionzi ya asili inaizidi kelele. Maabara huweka sampuli iliyosagwa ndani ya boma la risasi la unene wa sentimita 10, juu ya kipande cha jerimaniamu safi kilichopozwa kwa naitrojeni iliyogeuzwa kimiminika hadi nyuzi 196 chini ya sifuri, na kuiacha kwa saa nyingi. Jerimaniamu inatenganisha vilima vilivyoachana elektroni-volti elfu mbili au tatu tu. Kupozwa ni lazima, maana kwenye joto la kawaida elektroni zake zinajiachia zenyewe bila kupigwa na mionzi. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo yenye mamlaka ya vipimo hivyo nchini.

Kisanduku cha barabarani

Kipima ushindiliaji kinachobebwa na mafundi wa barabara kina vigunduzi viwili tofauti ndani ya kisanduku kimoja, na watu wengi wanaokitumia hawajui. Ncha ya fimbo yake ina seziamu-137 ya mamia ya megabekereli. Fimbo inazamishwa sentimita 15 hadi 30, na mirija ya Geiger iliyo chini ya kisanduku inahesabu gama inayofika: udongo ukishindiliwa vizuri, gama chache hupenya, hesabu inapungua. Ndani yake pia kuna amerisiamu-241 iliyochanganywa na beriliamu, inayotoa nyutroni zenye kasi. Nyutroni hupungua kasi zikigongana na haidrojeni, na haidrojeni ya udongo iko kwenye maji. Mrija wa heliamu-3 unahesabu nyutroni za polepole tu, kwa hiyo hesabu ikiwa kubwa maji ni mengi.

Kosa lake linafuata humohumo. Kifaa hakipimi maji, kinapima haidrojeni. Kwenye tabaka lenye lami au jasi kitasema kuna maji ambayo hayapo, na mhandisi asiyejua ataamuru udongo ukaushwe. Kila asubuhi kifaa kiwekwe juu ya tofali lake la rejea kwa dakika 4, umbali wa mita 10 kutoka kwa kifaa kingine kama hicho, na hesabu ilinganishwe na za siku zilizopita. Ya msongamano isitofautiane zaidi ya asilimia 1, ya unyevu 2.

Na upofu mwingine: Geiger haipokei nyutroni. Mtu akizungusha kipimo cha gama kuzunguka kisanduku hicho, au kuzunguka chanzo cha kisimani cha aina hiyohiyo, anasoma nusu ya habari. Nyutroni zinataka mrija wa heliamu-3 uliozungukwa na tufe la polithini lenye kipenyo cha sentimita 20 na kitu, zito la kilo 9 au 10, ambalo kila mtu hupenda kuliacha stoo.

Milio michache inadanganya

Mionzi haiji kwa mpangilio. Kipimo kinachohesabu milio 20 kwa dakika kwa wastani, dakika moja kitatoa 14, nyingine 27, bila chochote kubadilika. Kadirio la mtikisiko ni kipeuo cha pili cha hesabu: kwa 20 ni 4.5, na mara mbili ya hapo ni jambo la kawaida, kwa hiyo kati ya 11 na 29 hakuna habari mpya. Ukitaka kosa lishuke hadi asilimia 10 kusanya milio 100. Ukitaka asilimia 1, kusanya 10,000. Kwa mionzi midogo, anayetaka jibu sahihi hana budi kukaa.

Ndiyo maana kupima uchafu wa mionzi juu ya meza au nguo hufanywa polepole, sentimita chache kwa sekunde, dirisha likiwa umbali wa sentimita moja. Alfa husafiri sentimita 4 tu hewani na huzuiwa na karatasi. Ukiacha kifuniko chekundu cha plastiki kwenye kichwa cha kipimo, alfa zote zimepotea. Ukiwa na mrija wa kioo au chuma usio na dirisha la maika (madini yanayobanduka kwa tabaka jembamba), hukuwa nazo tangu mwanzo. Na vipimo vingi vya bei nafuu viko hivyo. Dirisha la maika nalo ni jembamba kiasi cha kutobolewa na jani la ukoka ukipima ardhini. Likitoboka gesi imetoka, na mrija hautengenezwi tena.

Mfano mgumu kuliko wote uko kwenye mitambo ya gesi asilia. Gesi hupanda na radoni, gesi ya asili yenye mionzi, kutoka kwenye miamba. Radoni huchemka kwenye nyuzi 62 chini ya sifuri, katikati ya ethani na propani, kwa hiyo pale gesi inapotenganishwa kwa baridi, radoni hufuata mkondo wa propani na kujikusanya kwenye pampu na matangi yake. Gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo ni methani kwa sehemu kubwa sana, propani ni kidogo, na hivyo hali yake si lazima ifanane na ya mitambo ya nchi nyingine. Ila fundi atakayefungua pampu popote anapaswa kuelewa kinachotokea ndani yake.

Mtambo ukiwa unafanya kazi, wajukuu wa radoni (elementi zinazozaliwa radoni ikivunjika) wenye maisha mafupi hutoa gama inayopenya chuma, na kipimo cha nje kinapanda. Zimisha mtambo, subiri saa nne, gama imekwisha. Kipimo cha nje kinasoma mionzi ya asili tu. Lakini kwenye kuta za ndani umebaki utando mweusi mwembamba wa risasi-210, ambayo nusu yake huchukua miaka 22 kupotea, na beta yake ni dhaifu kiasi kwamba haivuki hata dirisha la maika vizuri. Kinachoisaliti ni mtoto wake, bismathi-210, mwenye beta ya elektroni-volti milioni 1.16. Hiyo inaonekana kwa Geiger pana yenye dirisha jembamba, lakini pale tu pampu ikiwa imefunguliwa na dirisha liko sentimita moja juu ya chuma kikavu, maana utando wa mafuta au maji unaizuia. Kwa hiyo kipimo cha kwanza hufanywa mtambo ukiwa bado unafanya kazi na kuandikwa, pampu hufunguliwa baada ya kupumzika saa nne, chuma hupanguswa kikauke kwa kitambaa kinachohifadhiwa kama taka ya mionzi, kisha hupimwa kwa ndani. Kabla ya vipimo hivyo hakuna kupiga brashi ya waya wala kusaga, na anayefungua avae barakoa.